Kukopa Arusi, Kulipa Matanga: Neno juu ya Karamu za Kumtoa Mwari



Twataka kunena jambo ambalo watu hulinena kwa sauti ya chini katika mabaraza ya Malindi na Mkunazini, na katika gari za jioni zirudizo Bumbwini na Makunduchi, kisha wakifika mbele ya wenyewe hulinyamazia kana kwamba halipo. Jambo lenyewe ni hizi karamu za mabinti zetu: karamu ya kuvunja ungo, ngoma ya unyago, singo, na hii ya siku hizi iitwayo kichen pati, ambayo imevuka bahari kutoka bara ikapokewa hapa kama mgeni wa heshima. Hatutamtaja mtu, wala mtaa, wala nyumba. Asomaye akijiona ndani ya maneno haya, basi ajue kuwa wako wengi walio pamoja naye, na kwa sababu hiyo khasa ndipo tukaona haifai kunyamaza.

Kwanza tutenge mipaka ya ugomvi wetu, ili asije mtu akatubandika maneno tusiyoyasema. Hatukuja kupiga vita unyago. Mwenye kudhani ya kuwa unyago ni upuuzi wa wazee, jambo la kuonewa haya mbele ya wageni, huyo si mwenzetu katika makala haya. Unyago ni chuo. Mwana akivunja ungo hukabidhiwa kwa somo yake, na somo humfundisha mambo ambayo mama huona haya kumwambia mwanawe: usafi wa mwili wake, namna ya kujihifadhi katika siku zake, josho na masharti ya ibada, jinsi ya kukaa na watu, jinsi ya kumtambua mwanamume mwenye nia njema na asiye nayo, na baadaye mambo ya unyumba. Hufundishwa kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa ngoma, ili yasimtoke kichwani. Wahenga wakasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu, mabwana na mabibi, ni mwalimu mwenye fimbo nzito.

Wala hatusemi kuwa furaha ni haramu. Mtoto akikua salama ni haki kushukuru. Sinia ya wali, buni ya kahawa, vikuba vya asumini na majirani kuja kupiga vigelegele, hayo hayajamfilisi mtu tangu kisiwa hiki kiwe kisiwa. Ugomvi wetu ni na kitu kingine, nacho ni yale mashindano yaliyojivika nguo ya mila.

Na kwa kuwa wenye kuyatetea mashindano haya hupenda kusema, "Ndivyo walivyofanya bibi zetu," natutazame bibi zetu walifanya nini, na kwa nini.

Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitia sahihi amri iliyofuta hali ya utumwa mbele ya sheria katika Unguja na Pemba. Masuria wakasalia nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Watu wengi waliotoka utumwani wakajenga Ng'ambo, upande wa pili wa hori ya Darajani iliyoutenga Mji Mkongwe. Wanawake ambao jana walivaa kaniki na merikani, nguo zilizowatambulisha kuwa ni watumwa hata kabla hawajafungua kinywa, wakaziacha, wakavaa kanga za rangi na baadaye buibui. Na katika miaka ile ile ikaota Ng'ambo ngoma ya wari iliyoitwa mkinda. Katika mkinda mabinti wa watu wenye asili mbalimbali, wa bara na wa kisiwani, walichezwa pamoja, wakafundishwa pamoja, wakatolewa nje pamoja hali wamepambwa.

Mtu ambaye zamani mwili wake ulikuwa mali ya bwana, leo amemchukua bintiye, amempamba, amemtoa hadharani na kusema: huyu ni mwana wa watu, ana mama, ana somo, ana jamaa. Gharama ile ilikuwa na maneno ndani yake. Kila doti ya kanga na kila kombe la wali ilikuwa ni hati ya uungwana, iliyoandikwa na watu ambao hawakupewa hati nyingine. Nani kati yetu atathubutu kuwacheka? Sisi twawavulia kofia.

Tena watu wa zama zile zile za Ng'ambo hawakuwa wajinga wa hesabu. Mwaka 1928 wenye vibanda walikataa kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao, na wanawake walikuwa mstari wa mbele katika ukaidi ule. Waliona kuwa mtu aliye huru hawezi kukaa mwaka hata mwaka akilipia nafasi ya kulala katika nchi yake. Basi twauliza: wajukuu wa watu waliokataa kodi ya ardhi, nani aliyewatwisha kodi ya karamu, wakaipokea kwa mikono miwili na kuilipa kila mwezi bila ya kunung'unika?

Maana kodi ndiyo, na natuifanyie hesabu kama makarani. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wake kutoka shilingi 300,000 hadi shilingi 347,000 kwa mwezi. Tuchukue mtumishi wa kima hicho, na tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika mwezi mmoja amepata mialiko mitatu, na kila mwaliko una mchango wa shilingi 20,000. Hizo ni 60,000. Katika mitatu hiyo, miwili ina sare. Mkewe hawezi kukaa miongoni mwa wenziwe na nguo ya mwaka jana, basi sare mbili, kitambaa na mshono, tuseme 35,000 kila moja. Hizo ni 70,000. Jumla ni 130,000, zaidi ya thuluthi ya mshahara, na bado hajanunua unga, hajalipa umeme, hajatoa nauli ya watoto. Zimebaki 217,000 za kuishi siku thelathini. Na huyu bado ni mwalikwa tu.

Sasa siku yake yeye ikifika, afanyeje? Amekula kwa watu, sharti naye alishe. Akiba hana. Huenda kukopa. Tuseme amekopa shilingi 3,000,000, akatwe mshahara 150,000 kila mwezi kwa miezi 24. Atakuwa amelipa 3,600,000. Zile 600,000 zilizozidi hazikuliwa na mgeni yeyote, hazikumpamba mwari, wala hazikumfikia somo. Zimekwenda kwa mkopeshaji aliyekaa ofisini kwake wala hakualikwa. Ngoma imelia usiku mmoja. Makato yamelia miaka miwili. Katika miaka miwili hiyo watoto wataugua, bati litavuja, mzee wa shamba atafariki. Ndipo mtu afahamu maana ya kauli ya wazee, kukopa arusi, kulipa matanga.

Na mshahara huu haukuokotwa njiani. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma kwa sababu ya ujira mdogo na ughali wa maisha, mgomo ukaenea mjini kote, kazi zikasimama. Watu walikaa na njaa ili mfanyakazi wa kisiwa hiki apate ujira wa kutosha. Hawakukaa na njaa ili ujira huo uyeyuke katika mapambo ya ukumbi yatakayong'olewa alfajiri.

Lakini fedha ndiyo hasara ndogo. Kubwa kuliko hiyo ni kwamba gharama imekula mafunzo yenyewe.

Zamani mwana akivunja ungo hakungojwa. Siku ile ile, au siku zile zile, somo aliitwa, na binti akaambiwa lililompata ni nini na afanye nini. Siku hizi, khasa mjini, mafunzo kwa wengi yamesogezwa mpaka karibu na arusi, yakachanganywa na singo na kichen pati. Sababu ziko nyingi: skuli, kazi, maisha ya mji, hatuzikatai. Lakini iko sababu moja inayosemwa kwa nadra, nayo ni kwamba unyago umekuwa ghali. Mzazi husema, "Ngoja tupate nafasi." Maana ya nafasi ni fedha. Basi mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu aingia katika utu uzima peke yake, hana wa kumuuliza, akiogopa labda amepatwa na maradhi. Na kile alichostahili kuambiwa siku ile atakuja kukisikia miaka kumi baadaye, amekaa juu ya kiti kilichopambwa, mbele ya wageni mia mbili, vipaza sauti vikinguruma hata maneno ya somo hayasikiki.

Je, hiyo ni mila? Mtu akingoja mpaka apate fedha za kununua zulia ndipo amfundishe mwanawe kusali, twamwita mcha Mungu au twamwita mpumbavu?

Wengine watasema, skuli zipo. Ni kweli, na twashukuru. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na wazazi wengi wakati ule waliiogopa. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, elimu ikatangazwa kuwa bure. Leo mabinti wamejaa madarasani na wanafundishwa habari za mwili katika vitabu. Lakini kitabu husema na darasa zima. Somo husema na mtoto mmoja, anamjua mamaye, anaijua tabia yake, na mlango wake uko wazi usiku na mchana. Binti anahitaji vyote viwili. Tukimnyima kimoja kwa sababu hatujapata fedha za ukumbi, tumemdhulumu, na aliyekuwa tayari kumdhulumu atakuwa ni mlaghai wa mitaani, ambaye hamtozi ada ya mafunzo yake.

Twamkumbuka hapa marehemu Fatuma binti Baraka, aliyejulikana ulimwenguni kote kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Dunia ilimjua kwa kuimba taarab, lakini kwetu alikuwa pia bingwa wa unyago, mwenye kuupiga msondo na kuwafunza wari. Rasilimali ya kazi ile ilikuwa nini? Ni ngoma ya ngozi, sauti, na elimu aliyoibeba kichwani. Hapana hata kimoja katika hivyo kinachohitaji kukodiwa kwa mkopo wa benki. Na ajabu ya siku hizi ni hii: katika karamu ya mamilioni, mwenye kupata kidogo kuliko wote aghalabu ni yule somo. Mpambaji hulipwa, mpiga picha hulipwa, mwenye ukumbi hulipwa kabla mlango haujafunguliwa, mwalimu huambiwa, "Bibi, tutakuona kesho."

Tena iko aibu nyingine. Unyago ni siri. Wanaume hatuingii, watoto hawaingii, na kilichosemwa ndani hubaki ndani. Heshima yake ndiyo hiyo. Leo kila mkono una simu. Mwari amekaa na haya zake, nao wanampiga picha. Nyimbo za ndani zinarekodiwa. Kabla jua halijachomoza yote yamekwisha fika Dar es Salaam, Muscat na London, yakitazamwa na wanaume ambao hata jina la mtoto hawalijui. Waliokesha wakidai wanahifadhi mila ndio hao hao walioiuza sokoni. Huyu ni mtoto, tusisahau. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, aliye chini ya miaka kumi na minane ni mtoto. Hakuulizwa kama anataka picha ya siku yake ya haya ikae mikononi mwa watu milele.

Tuje sasa kwa jambo lituhusulo sisi watumishi khasa, maana si vema kuwalaumu wanawake wa mitaani na kuacha meza zetu wenyewe. Twasema juu ya kadi za mchango ofisini.

Mkubwa wa idara ana karamu ya bintiye. Kadi zinapita. Kadi imewekwa juu ya meza ya karani wa chini, na jina lake limekwisha andikwa, na orodha iko mikononi mwa mtu anayejua kuhesabu. Hakuna aliyemlazimisha. La, hasha! Lakini karani yule anajua nani anayeandika ripoti yake ya mwaka, nani anayegawa safari na posho, nani anayetia sahihi ruhusa yake. Je, mchango ule ni hiari? Nao ukitoka kwa mtu wa nje mwenye shauri mbele ya mkubwa yule, je, bado ni mchango, au umepata jina lingine ambalo sote twalijua? Waungwana, mchango unaotoka chini kwenda juu ni ushuru. Na mchango unaotoka kwa mwenye haja kwenda kwa mwenye kalamu ni jirani wa karibu wa rushwa, ukuta wao ni mmoja.

Wala waume tusijitoe katika hesabu kwa kusema, "Hayo mambo ya wanawake." Ni nani anayetembea kifua mbele siku ya pili, akisikia watu wakisema, "Karamu ya fulani ilikuwa karamu kweli"? Mama wa mwari anatajwa ndani. Baba yake anatajwa barazani. Tumegawana fahari, basi na tugawane lawama.

Sasa tuzijibu hoja za wenzetu, kwa haki, maana zipo zenye uzito.

Wako wasemao: "Ni heshima. Nisipofanya, watu watanidharau." Twajibu: heshima inayongoja sahani ya biriani ili iwepo, itaondoka na maji ya kuoshea sahani. Wale wale watakaokusifu usiku, asubuhi watasema nyama ilikuwa ngumu. Tena mwenye kuona mbele atajiuliza: nikifanya kubwa mwaka huu, jirani yangu atafanya kubwa zaidi mwaka ujao, na ndugu yangu asiye na kitu atafanyaje? Kila anayepandisha kipimo anamfungia mlango maskini aliye nyuma yake. Hii ndiyo dhambi ya karamu kubwa isiyoonekana: haimfilisi mwenyewe tu, inamfedhehesha asiyeweza.

Wako wasemao: "Mchango ni akiba. Nimewatoa wenzangu, nao watanitoa." Hii ni hoja ya kweli, na ndiyo iliyowafunga wengi. Wanawake wetu wamejua upatu tangu zamani, na upatu ni kitu chema. Mtu hutoa kidogo kidogo, zamu yake ikifika hupata fungu la kununulia cherehani, au la kulipia chuo. Lakini tazama tofauti. Fungu la upatu huingia nyumbani mwako. Fungu la mchango wa karamu huingia kwa mkono mmoja na kutoka kwa mwingine usiku ule ule, likaliwa na wale wale waliolitoa, na mwenye karamu akabaki na deni juu. Hiyo ni akiba gani, ambayo siku ya kuivunja unakuta chungu kitupu na unadaiwa bei ya chungu? Mama wa Paje na Jambiani, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 husimama katika maji ya chumvi wakilima mwani, wanaijua bei ya shilingi moja. Si haki shilingi ile iliyotoka baharini kwa mgongo kuuma iishie katika ua la karatasi.

Wako wasemao: "Karamu ni riziki ya watu: wapishi, washonaji, wapiga ngoma." Kweli, na hatutaki wakose. Lakini mshonaji atashona pia sare ya skuli, na mpishi atapika pia katika karamu ndogo kumi badala ya kubwa moja. Na ikiwa riziki ya mmoja haipatikani ila kwa mwingine kuingia katika deni, basi hiyo si biashara, ni mtego wenye watu wawili ndani.

Na wako, mwisho, wasemao: "Ninyi mwataka kuifuata mila ya kizungu." Jamani! Kichen pati na keki ya ghorofa ndivyo vilivyotoka wapi? Katika vitabu vya unyago hamna keki. Sisi ndio tunaorudi nyuma kumtafuta somo na msondo. Wao ndio waliokwenda kutafuta ukumbi wenye taa za rangi.

Wala si Unguja peke yake iliyopatwa na jambo hili. Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyama vya wanawake vya lelemama vilishindana kwa mavazi na karamu, na mtu alipanda cheo kwa kulisha watu. Wako waliotumia mali nyingi wapate kuitwa wakubwa. Katika miaka hiyo hiyo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza watu wa pwani watengeneze elimu na mwenendo wao. Kwa Wabemba wa nchi ambayo leo ni Zambia, bibi mmoja Mwingereza, Audrey Richards, alishuhudia mwaka 1931 ngoma ya kumtoa mwari iitwayo chisungu. Ilichukua siku 23, na wazee walieleza kuwa zamani ilikuwa ndefu zaidi ya hapo. Kazi ya migodi na maisha mapya vilikuwa vimekwisha ipunguza. Basi ngoma inaweza kufupishwa na isife, maadam kiini kimebaki. Mexico nako, binti akitimiza miaka 15 hufanyiwa karamu kubwa, na huko pia jamaa na marafiki hugawana gharama, huyu nguo, huyu chakula, huyu muziki. Na Tajikistan, nchi ya Waislamu katika Asia ya Kati, serikali ilitunga sheria mwaka 2007 ya kupunguza karamu na kuweka idadi ya wageni, baada ya kuona watu wanajifilisi.

Sisi hatuombi sheria. Askari akisimama mlangoni kuhesabu sinia, tutakuwa tumeondoa fedheha moja na kuleta nyingine. Twaomba mapatano baina ya watu wazima. Kisha mapatano huwa mepesi yakianza kwa wenye mishahara, kwa kuwa hao ndio waigwao. Mwenye kitu akipunguza, huitwa mwenye busara. Asiye na kitu akipunguza peke yake, huitwa bakhili. Kwa hiyo ni juu yetu kuanza.

Twaweka mbele ya wanachama mambo haya, yajadiliwe katika mkutano:

Mosi, mafunzo yatangulie karamu. Binti akivunja ungo, aitwe somo wiki ile ile, hata kama hapana ngoma. Karamu ikija baadaye, ije. Isipokuja, mtoto amekwisha pata haki yake.

Pili, somo alipwe kwanza na alipwe kamili, kabla ya mpambaji na kabla ya mpiga picha. Mwalimu ndiye mwenye shughuli.

Tatu, sare iwe hiari kweli kweli. Mwenye kanga yake safi na akae mstari wa mbele, wala asitazamwe kwa pembe ya jicho.

Nne, simu zibaki mlangoni. Picha ya mwari itunzwe na mamaye, isitembezwe.

Tano, kadi za mchango wa karamu zisipite tena katika ofisi, khasa kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mwenye kutaka kualika watumishi wenzake, awaalike kwa mdomo, na mgeni aje na mkono wake alionao.

Sita, mfuko wa Chama, ambao ni wa maradhi na mazishi, usimkopeshe mtu kwa ajili ya karamu. Lakini mzazi akitaka kumuwekea bintiye akiba ya masomo, Chama kimsaidie kuifungua.

Saba, kila anayefanya karamu ajiwekee sharti hili moja: kiasi kile kile atakachotumia kwa wageni, akiweke pia kwa jina la mwari mwenyewe. Asiyeweza kuviweka viwili, na apunguze sinia mpaka aweze. Mizani hii haimkatazi tajiri wala haimfedhehesha maskini.

Tunajua kuwa jambo hili halitatengenea kwa makala moja. Mtu atalisoma, atatikisa kichwa na kusema, "Kweli wamesema," kisha atafungua mkoba atoe kadi aliyopewa asubuhi. Lakini desturi hii haikushuka kutoka mbinguni. Iliongezwa sinia kwa sinia, na kwa njia hiyo hiyo yaweza kupunguzwa. Wanahitajika watu kumi wa kwanza wasioogopa kusemwa kwa wiki moja.

Na wanawake wa mkinda tuwape haki yao. Wao walitoka utumwani, wakatumia walichokuwa nacho kumwambia kila mpita njia kuwa binti yao ni mtu huru. Binti wa leo amezaliwa huru, amesoma, na sheria imemlinda. Hahitaji tena kombe la wali limshuhudie uungwana wake. Anahitaji somo wa kumwambia ukweli kwa wakati, skuli isiyokatizwa, na baba ambaye mshahara wake haujawekwa rehani. Tukimtoa ndani kwa shangwe hali tumemwingiza mzazi wake katika deni la miaka, tumefungua pingu ya mkono mmoja na kuifunga katika mkono wa pili, tena safari hii ufunguo tumempa mkopeshaji.

Mwenye jibu na alete. Kurasa hizi ziko wazi kwa asiyekubaliana nasi kama zilivyo wazi kwa anayekubali. Ila tafadhali aje na hesabu yake, wala asije na vigelegele peke yake.

Wassalaam,
Sisi wenzenu katika kazi.